'Take' Si 'Chukua' Tu: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Kitenzi cha Kiingereza kinachotafuna alama za watoto wetu wa Masasi na Newala si kirefu wala si kigumu kutamka. Kina herufi nne: take. Mtoto hukutana nacho shule ya msingi, huambiwa "take ni chukua", huandika, hufunga daftari. Halifungui tena. Akifika kidato cha nne anatafsiri kwamba mkutano "ulichukua mahali", kwamba ndege "ilichukua mbali", kwamba fulani "alichukua baada ya baba yake". Na huko nyumbani mama yake anamwamini. Anamletea bahasha ya dawa amsomee.

Bahasha hiyo ndiyo iliyonikalisha niandike. Alama zikipotea, mtihani unarudiwa. Figo hazirudiwi.

Nimefundisha Kiingereza Newala juu ya uwanda na Masasi chini yake, nimesahihisha madaftari, nimewasomea watu barua zao barazani. Ninayoyaona yananiudhi kwa sababu yote yanazuilika. Aliyefika kidato cha pili ana akili ya kutosha kuyafuata haya. Basi ayafuate.

DARASANI NA KWENYE DAFTARI

Fanya

Andika kitenzi pamoja na jirani yake. "Take" likiwa peke yake ni ganda. Liweke karibu na dawa, mtihani, basi, picha, kiti, mkopo au zamu, ndipo utajua linasema nini. Kwa Kiswahili dawa unameza, mtihani unafanya, basi unapanda, picha unapiga, kiti unakalia, fedha unakopa, zamu mnapokezana. Vitenzi saba vya kwetu kwa kimoja chao. Kwa hiyo daftarini usiandike "take = chukua". Andika "take the medicine", halafu mbele yake "meza dawa". Andika "take a bus", mbele yake "panda basi". Kirai kizima kwa kirai kizima. Daftari litajaa haraka, nunua jingine.

Tazama kwanza lugha yako. Kiswahili kina kitenzi chenye tabia hiyohiyo, na hakuna mtoto wa Newala aliyewahi kukikosea: piga. Tunapiga simu, pasi, picha, mswaki, deki, kura, magoti, ramli na miayo. Mgeni aliyekaririshwa kwamba piga ni kutandika fimbo, akisikia mtu kapiga pasi shati lake, atalionea shati huruma. Hivyo ndivyo unavyosikika wewe unapotafsiri kila "take" kwa chukua.

Soma neno dogo linalofuata. Hapa ndipo wengi wanapotea, na hapa sitaharakisha. "Take off" kwa nguo ni kuvua. Kwa ndege ni kuruka. "Take on" kwa kazi ni kuibeba, kwa mtu ni kumwajiri au kumkabili. "Take in" ni kumpa mtu hifadhi, au kuelewa ulichoambiwa, au kuipunguza nguo kwa fundi; na likigeuzwa kuwa la kutendwa, "taken in", mtu ametapeliwa. Aliyepewa hifadhi na aliyetapeliwa wanagawana maneno yaleyale, na ni sentensi nzima tu itakayokwambia yupi ni yupi. "Take over" ni kushika hatamu kutoka kwa mwingine. "Take up" ni kuanza jambo, au kumaliza nafasi na muda wa watu. "Take after" ni kufanana na mzazi, kumshabihi. "Take back" ni kurudisha kitu dukani au kufuta kauli. Ukilitupa neno dogo ukabaki na kubwa, umeitupa maana.

Tofautisha kwenda na kuja. Kiingereza kina "take" kwa kinachoondoka na "bring" kwa kinachokuja. Watoto wetu wanavichanganya kila siku, na sijui kwa nini, maana Kiswahili kimewapa peleka na leta bure. Ukiwa Newala unampelekea shangazi korosho Masasi: "take". Shangazi akipiga simu kuziagiza: "bring". Simama mahali anaposimama msemaji, utachagua sawa.

Jua maumbo yake matatu: take, took, taken. "Taked" haipo. "I have took" inapatikana kwenye madaftari tu.

Fungua kamusi mpaka mwisho wa kitomeo. Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI iliyotoka 1996 haiishii kwenye chukua. Ya Johnson ya 1939 haiishii hapo, wala ya Madan ya 1894. Wanaoishia hapo ni wasomaji, kwa uvivu. Shule yenye fedha ya kununua kamusi moja tu ya Kiingereza kwa Kiingereza inunue iliyotungwa kwa ajili ya wanaojifunza, maana hiyo ndiyo itakayowaonyesha kitenzi kinavyokaa ndani ya sentensi. A. S. Hornby, Mwingereza aliyefundisha Japani, aliliona jambo hili mapema. Kamusi aliyoitunga na wenzake, iliyochapishwa Tokyo 1942 na kutolewa tena na Oxford 1948, ilipanga vitenzi kwa miundo ya sentensi vinamoingia. Alikuwa amewafundisha watu wenye shida kama ya kwetu, mbali na London.

Usifanye

Usikaririshe orodha ya visawe. Huu ndio ugonjwa wenyewe. Mwalimu anaandika ubaoni: take, seize, grab, capture, receive, accept, carry, remove, steal. Chini yake anaandika kwamba maneno hayo yana maana moja. Hayana. "Seize" ni kutwaa kwa nguvu au kwa amri ya dola: forodha inakamata mzigo. "Grab" ni kunyakua kwa pupa. "Capture" ni kuteka, na anayetekwa ni adui au mnyama. "Receive" ni kupokea, na hapo mkono wako uko chini, mtoaji ni mwingine. "Accept" ni kukubali; unaweza kupokea barua usiikubali. Wanakutana na "take" mahali fulani, kisha kila mmoja anakwenda kwake.

Kijana mmoja aliandika barua ya kuomba kazi akisema "ameiteka" stashahada yake na "ameunyakua" mtihani wa kidato cha nne. Kwenye orodha ya daftari lake hakukosea hata herufi moja. Barua haikujibiwa.

Kama huamini, jaribu kwetu. Chukua, twaa, beba, pokea, nyakua, pora, teka. Timu yako ikishinda fainali, imetwaa kombe, au hata imelibeba. Ukisema imelipora, umefungua kesi. Msibani husemi Mungu amemnyakua marehemu mbele ya wafiwa, ingawa kamusi haikukatazi. Unalijua hili bila kufundishwa. Mpe mwanafunzi wako nafasi ya kulijua kwa Kiingereza pia: kila kisawe kiingie daftarini na sentensi yake, au kisiingie.

Usishindane na wingi wa maana. Wapo walimu wanaotaka watoto wamalize maana zote za kitenzi kabla ya likizo. Kamusi kubwa ya Oxford, toleo la 1989, ilikipa kitenzi "set" maana zaidi ya 400; "run" kilipohaririwa upya miaka ya karibuni kilivuka 600. Hakuna Mwingereza anayezijua zote, na wanalala usingizi. Chagua zile zitakazomfika mtoto wako kweli: dawa, shamba, mtihani, safari, fedha, barua.

Usimcheke anayekosea, wala usimvishe kibao shingoni kwa kusema Kiswahili. Mtoto wa kijijini Newala ana Kimakonde nyumbani; wa Masasi huenda ana Kimakua au Kiyao. Kiswahili ni lugha yake ya pili, Kiingereza ya tatu, na akiingia kidato cha kwanza anatakiwa asome fizikia kwa hiyo ya tatu. Tume ya Makweta ilipendekeza 1982 kwamba sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985. Serikali haikukubali. Basi mzigo anaubeba mtoto, na wewe unamcheka. Ukimcheka mara mbili hatauliza tena, na asiyeuliza ndiye atakayekwenda kubahatisha kwenye bahasha ya dawa.

Usimwambie kwamba watu wa huku Kiingereza hakiwapandi. Benjamin Mkapa alizaliwa Lupaso, Masasi, akasoma Kiingereza Makerere, akamaliza 1962, akahariri magazeti ya Kiingereza kabla ya kuwa waziri na rais. Funga mdomo, fundisha.

MBELE YA DAWA

Fanya

Geuza "take" iwe tendo la mwili. Meza. Kunywa. Tafuna. Weka chini ya ulimi. Maelezo ya Kiingereza yanasema "take" kwa vidonge, kwa dawa ya maji na kwa unga wa kuchanganya na maji, kwa kuwa Mwingereza anaona tendo moja tu, dawa kuingia. Wajerumani waliojenga misheni ya Ndanda wana kitenzi chao, einnehmen, chenye kiambishi kinachosema wazi kwamba kitu kinaingia ndani. Kiingereza kimemwachia msomaji alitambue tendo mwenyewe. Mama aliyekuletea bahasha hawezi kulitambua. Mwambie tendo.

Sema kinachoambatana na dawa. "Take with food" maana yake umeze ukiwa unakula au mara tu baada ya kula. Haimaanishi uchukue dawa pamoja na chakula chako uende navyo shambani, na tafsiri hiyo nimeisikia kwa masikio yangu. Kwa dawa mseto ya malaria, ile ya artemetha na lumefantrini, si jambo la adabu ya mezani. Lumefantrini huingia mwilini vizuri ikikuta mafuta tumboni: maziwa, karanga, uji wenye siagi. Aliyemeza na maji matupu amemeza dozi yote na kupata sehemu yake tu. Malaria ikirudi analaumiwa mbu.

"Take on an empty stomach" ni kinyume chake: kabla ya kula, tumbo likiwa tupu. Zipo dawa zinazotaka hivyo. Usizichanganye na zile za kwanza kwa sababu tu zote zinaanza na kitenzi kimoja.

Taja saa ya ukutani. Hapa Kiingereza na Kiswahili vinamtega mgonjwa kwa pamoja. Dozi ya pili ya dawa mseto humezwa saa nane zikishapita tangu ya kwanza. Ukimwambia mtu "meza baada ya saa nane", amesikia mambo mawili: muda wa saa nane umepita, au saa nane mchana imepita. Aliyeanza saa mbili asubuhi atameza saa nane na dakika tano, mapema mno. Mwambie hivi: umeanza saa mbili asubuhi, ya pili ni saa kumi jioni. Na kama karatasi imeandikwa "take at 8", hiyo ni saa mbili ya kwetu. Mwalimu wa Kiingereza asiyefundisha saa hajafundisha.

Mwambie akurudishie maneno. Akisema "nimeelewa", hajakwambia kitu. Akisema "vidonge vinne sasa hivi na uji, vinne saa kumi jioni", ameelewa.

Usifanye

Usiseme "chukua dawa hii mara tatu kwa siku". Dawa inachukuliwa dirishani, mara moja. Mara tatu ni kumeza.

Usilinganishe kila "take" na kumeza. Penye "do not take alcohol" ni usinywe pombe, na pombe ya kienyeji imo, uraka wa mabibo umo. Wapo wanaoamini kwamba kilichokatazwa ni bia ya chupa kwa sababu neno limeandikwa Kizungu.

Usiongeze lako. Bahasha ikisema kutwa mara mbili, usishauri mara tatu ili apone haraka. Wewe ni msomaji. Hujasomea udaktari, na aliyesomea yuko hospitali ya Ndanda, ya Mkomaindo au ya Newala. Kama maandishi hayasomeki, mpeleke akaulize.

Usiruke "take until finished". Meza mpaka ziishe. Mtu akipata nafuu siku ya tatu huzihifadhi zilizobaki kwenye kopo kwa ajili ya mjukuu. Mjukuu atakuja kupewa dawa ya mtu mzima, iliyokaa msimu mzima juu ya kabati, kwa ugonjwa mwingine.

SHAMBANI NA GHALANI

Fanya

Soma lebo ya kiuatilifu kabla hujafungua kizibo. Msimu wa mikorosho kutoa maua, ubwiriunga ukianza, kila mtu uwandani anapulizia: salfa ya unga kwa mota, dawa za maji kwa bomba. Nyingi zinakuja na lebo ya Kiingereza, herufi ndogo kama chawa. Humo utakuta "take off contaminated clothing". Vua nguo zilizoingiwa na sumu. Vua, tena hapohapo, na uzifue kabla ya kuzivaa tena. Kijana aliyesoma "chukua nguo" aliikunja fulana iliyolowa, akaiweka begani, akaendelea na kazi. Alipofika nyumbani ngozi ya bega ilikuwa imebabuka, na ana bahati ilikuwa bega.

Ukipatwa na madhara, nenda hospitali na chupa yenyewe au lebo yake. Hapa sasa "take" ni chukua, uende nayo. Daktari hawezi kukutibu vizuri akisikia kwamba ulipulizia "ile dawa ya kijani".

Fundisha maneno ya ghala kama maneno ya ghala. "Take stock" ni kuhesabu mali iliyopo. "Take delivery" ni kupokea mzigo na kukubali kwa saini kwamba umefika kwako. Tangu korosho ianze kuuzwa kwa stakabadhi ghalani mwaka 2007, makaratasi yameongezeka, na baadhi ya wanunuzi wa mnadani wanatoka nje ya nchi na karatasi zao. Kijana wa chama cha ushirika (AMCOS) atakayejua kwamba "take delivery" ni tendo lenye saini, na kwamba kuanzia saini hiyo lawama ya magunia yaliyolowa inaweza kuhama, atakiokoa chama chake.

Usifanye

Usisome "do not take internally" ukadhani ni habari ya kutoingiza dawa ndani ya nyumba. Ni kutomeza, kutokunywa. Ingawa ndani ya nyumba nako usiiingize.

Usihamishie kiuatilifu kwenye chupa ya maji au ya soda. Hili halina uhusiano na kitenzi chochote. Naliweka kwa sababu mnalifanya. Lebo inabaki kwenye chupa ya zamani, na mtoto hasomi lebo, anaona soda.

KUMSOMEA MTU BARUA NA MKATABA

Fanya

Uliza nani anamtendea nani. Kitenzi cha mkataba kina mtendaji na mtendwa, na hapo ndipo fedha zilipo. "The lender may take possession": mkopeshaji anaweza kuitwaa mali, iwe yake kuishika. Kijana aliyekopeshwa pikipiki ya bodaboda alisomewa na rafiki kwamba mkopeshaji "anaweza kuichukua", akaelewa kuiazima. Alipochelewesha marejesho, pikipiki iliondoka na haikurudi.

Tafuta siku jambo linapoanza. "Take effect" ni kuanza kutumika. Haihusu athari. Barua ya kuachishwa kazi, notisi ya kuhama kiwanja, ongezeko la kodi, yote yana kirai hiki, na tarehe iko mbele yake. Kisome kwanza kabla ya aya za heshima.

Fafanua maneno yanayofanana na ya kwetu. "Taken into account" ni kuzingatiwa. Mzee mmoja alisomewa kwamba malalamiko yake kuhusu fidia "yatawekwa kwenye akaunti". Alikwenda benki kutazama salio. Aliyemsomea alikuwa na cheti.

Sema "sijui" palipo na kutojua. Kitenzi kimoja kikigeuzwa vibaya kinaweza kuleta vita, na si utani. Tarehe 2 Mei 1889 Menelik wa Ethiopia na Italia walitia saini mkataba wa Wuchale, kwa Kiamhari na kwa Kiitaliano. Kifungu cha 17 kwa Kiamhari kilisema mfalme anaweza kuitumia Italia katika mashauri yake na mataifa mengine. Kwa Kiitaliano kitenzi kilifanya iwe lazima, na Roma ikatangaza kwamba Ethiopia iko chini ya ulinzi wake. Menelik aliukana mkataba. Mwisho wa shauri hilo ulikuwa Adwa, tarehe 1 Machi 1896, ambako jeshi la Italia lilivunjwa. Maelfu walikufa.

Na kwa walio karibu na hospitali: mwaka 1980 huko Florida, Marekani, familia inayozungumza Kihispania ilisema kijana wao ni "intoxicado". Kwao ni mtu aliyedhuriwa na alichokula. Hospitalini likasikika kama Kiingereza cha kulewa dawa za kulevya, akatibiwa hivyo, kumbe damu ilikuwa inavuja kwenye ubongo. Alipooza mikono na miguu. Hakuitwa mkalimani, kwa sababu kila mtu pale alidhani ameelewa.

Usifanye

Usidhani neno lina mahali pamoja pa kukaa tangu zamani. Hata "take" lenyewe ni mgeni Uingereza: lilifika na watu wa Skandinavia, likakisukuma nje kitenzi cha wenyeji, "niman", ndugu wa "nehmen" ya Wajerumani. Vitenzi vinahama na kubadilika. Mkataba wa juzi haujali ulichokariri darasa la tano.

Usimwamini mkusanya maneno anayeelekeza kidole. Huku kwetu wakusanya maneno walianza zamani. Askofu Edward Steere aliwaleta watumwa walioachwa huru Masasi mwaka 1876, akiwa tayari ametoa kitabu chake cha Kiswahili mwaka 1870. Chauncy Maples alifuata, na mwaka 1879 akachapisha mkusanyo wake wa Kimakua. Misheni yao iliposhambuliwa na wavamizi wa Kimagwangwara 1882, Maples na wenzake walihamia Newala, lugha zikaongezeka. Mwaka 1906 mtafiti Karl Weule wa Leipzig akapiga kambi Newala na wakalimani wake. Kazi zao zina faida mpaka leo, nami nazitumia. Lakini jiwe unaweza kulielekezea kidole, na kuku pia. Kutwaa, kupokea na kupeleka huvielekezei kidole. Ukimnyooshea mtu mkono wenye embe na kuuliza hili linaitwaje, anaweza kukujibu embe, mkono, nipe au asante. Vitenzi vya orodha za namna hiyo, za kale au za juzi, vipime kwa msemaji aliye hai. Masasi na Newala hawajaisha.

Usijifiche nyuma ya sheria ya 2021. Ni kweli, tangu mwaka huo Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama Tanzania, na ilikuwa imechelewa. Lakini mikataba ya mikopo, bima na ajira iliyoandikwa kwa Kiingereza bado iko kwenye masanduku ya watu, imekwishatiwa saini, na inawabana.

Usilainishe habari mbaya. "Taken off the list" ni ameondolewa kwenye orodha. Usimwambie mama kwamba mwanawe "amechukuliwa" ukamwacha ashangilie. Nimeliona likitendeka, na aliyefanya hivyo alidhani anamstahi.

Usidai fedha kwa kusoma bahasha ya dawa. Barua ya benki, sawa, kula kwa jasho lako. Dawa, hapana.

Usitafsiri kwa simu dawa usiyoiona. Bibi akikusomea herufi mojamoja kutoka Kitangari, naye miwani yake ina kioo kimoja, mkatize. Mwambie mjukuu apige picha pande zote mbili za bahasha na ubavu wa boksi, aitume, na asimeze chochote mpaka umempigia. Halafu usiende kula ukasahau kumpigia.